Wananiita Fundi, na sasa wanataka kunilipa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 37, nina mke na watoto wawili, tunaishi Sinza. Natunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Sijawahi kuandika barua ya namna hii, ila jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu mwezi wa sita, na nyumbani limeanza kuleta maneno.

Huu ni mwaka wa tatu naendesha baiskeli na kundi la wenzangu 22. Tunakutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, karibu na Coco Beach. Tunavuka Daraja la Tanzanite, tunafuata Barabara ya Barack Obama hadi Feri, tunageuza, tunarudi kwa Ali Hassan Mwinyi, Morocco, Mwenge, mpaka Africana. Hapo kila mtu anashika njia ya kwao. Wenzangu wengi wana nafasi zao: wa benki, mawakili, daktari mmoja, mkurugenzi wa kampuni. Baiskeli zao ni za kaboni. Yangu ni alumini ya mtumba, niliipata Kariakoo haina cheni wala breki ya nyuma, nikaijenga mwenyewe miezi minne. Shangazi, nikiwa juu ya lile daraja, upepo wa kusi unanipiga usoni na maji yako pande zote mbili, nasahau stoo, nasahau madeni. Sina starehe nyingine.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli Tabora. Kibanda chake kilikuwa chini ya mwembe, na mimi nilijua kuziba pancha kabla ya kujua kusoma. Ada yangu yote ilitoka kwenye viraka na solusheni. Alikuwa na neno lake: "Mimi naziba ili wewe usizibe." Alifariki nikiwa kidato cha tano. Nilirithi spana zake tatu na rula ya chuma, nazo ninazo mpaka leo kwenye kibegi chini ya siti.

Kundini nilianza kusaidia kwa sababu siwezi kumwona mtu amesimama na baiskeli mbovu nikapita. Sasa imekuwa desturi. Chochote kikiharibika, wanaita "Fundi!" Wapo waliojiunga mwaka huu ambao nina hakika hawajui jina langu. Simu moja niliiona kwa macho yangu, nimeandikwa "Fundi Baiskeli".

Alhamisi moja ya mwezi wa sita mambo yaliharibika mfululizo. Hatujafika Feri, dada mmoja akapata pancha. Ana tyubu ya akiba, ila pampu yake ni ya valvu nene kama ya gari, na tairi zake ni za valvu nyembamba. Nikatoa yangu. Mwenzetu mmoja alikwishaanza kuingiza tyubu mpya, nikamzuia, nikapitisha vidole ndani ya tairi hadi nikaugusa: kijiwaya chembamba kama unywele, vile vinavyoachwa na matairi ya malori yaliyopasuka. Tusingekitoa, tyubu ya pili nayo ingekufa mbele ya Ikulu. Kilinichana kidole.

Morocco, jua limeshazama, bwana mwingine waya wa gia ya nyuma ukakatika. Waya ukikatika, cheni inaangukia gia nzito kuliko zote na hapo miguu inakwisha. Nikakaza kile kiskrubu cha pembeni mpaka cheni ikahamia gia inayofuata, afadhali kidogo, tukaendelea.

Tumepita Lugalo kidogo, kiza tayari, cheni ya mkurugenzi ikakatika. Wiki tatu kabla nilimwambia cheni hii imekwisha. Niliipima mbele yake kwa rula ya baba: jozi kumi na mbili za pingili zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili, na ikizidi hata moja ya kumi na sita ya inchi, muda wa kuibadilisha umefika. Yake ilizidi maradufu. Alicheka, akanipiga bega. Sasa imekatika, na kiungio nilichokuwa nacho ni cha cheni ya gia tisa, yake ni ya kumi na moja, hakiingii. Wenzetu wakasimama kama dakika mbili. Mmoja akasema, "Sisi tunatangulia, Fundi yupo, hamna shida." Wakaondoka, taa zao nyekundu zikapotea kwenye foleni.

Tulibaki wawili. Tukasogea kwenye taa ya muuza chipsi, nikatoa pingili mbovu, nikarudisha pini kwa mkono uliojaa grisi na damu, bodaboda zinapita karibu na mgongo wangu. Ilikula muda mrefu. Taa yake ilikuwa imeisha chaji, nikamsindikiza hadi kwake Mbezi Beach ndipo nikageuza. Nilifika nyumbani saa nne kasoro. Watoto wamelala, mke wangu yuko mlangoni amekaa na simu mkononi.

Kesho yake asubuhi nikafungua grupu la WhatsApp. Mkurugenzi ameweka picha yangu nimeinama, chini kaandika "Fundi wetu kazini". Kisha akatoa hoja: kila mtu achange shilingi 10,000 kwa mwezi, nilipwe mimi, niwe naangalia baiskeli za wote na kushughulikia matatizo ya njiani. Wakakubali haraka, wameweka makofi mpaka chini. Ni shilingi 220,000, Shangazi. Inazidi kodi ya nyumba yangu.

Mke wangu anasema nichukue. "Mcheza kwao hutuzwa," ameniambia, "na kama hutaki kutuzwa, basi uwe unarudi nyumbani mapema kama baba za wenzetu." Simlaumu. Anashona nguo usiku kucha ili tufikishe mwezi. Lakini methali yenyewe ndiyo inayonisumbua. Pale ni kwetu? Nikipokea hela yao nitabaki mwenzao, au nitakuwa mtu waliyemwajiri awafuate nyuma? Na baba je? Nimesomeshwa ili nisizibe, leo nazibia watu kwa mshahara wa mwezi?

Wananisubiri niwajibu. Mpaka sasa nimeandika tu, "Nitawaambia." Nisaidie.

Asiyetaka Kuitwa Fundi, Sinza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa uchovu, na pole kwa kidole.

Barua yako nimeisoma jana usiku, nikairudia leo alfajiri. Mara ya kwanza niliona swali la hela. Mara ya pili nikaona yamefungwa matatu kwa kamba moja: hela, heshima, na ile Alhamisi ulipoachwa barabarani. Nadhani yamekulemea kwa sababu unayabeba kwa pamoja. Niruhusu niyafungue, nianze na hilo la mwisho ambalo wewe umelipita haraka.

Watu ishirini na mmoja walikuacha gizani. Najua hawakukusudia ubaya. Walikuamini, na ndiyo maana wakaondoka na mioyo myepesi. Lakini Barabara ya Bagamoyo saa moja usiku si mahali pa kuacha watu wawili wameinama pembeni, mmoja hana hata taa. Kibaka haulizi nani ni fundi. Bodaboda akikwepa shimo haoni kama mwenye grisi mkononi analipwa au anajitolea. Jambo hili halitatuliwi na shilingi 220,000, na naogopa kwamba hela ndiyo italifanya lionekane la kawaida: "Si tunamlipa?" Kwa hiyo kabla hujawajibu lolote, ningefurahi uwaambie hili peke yake, kwa sauti yako, ana kwa ana, si kwenye simu: mtu akiharibikiwa baada ya jua kuzama, angalau watatu wanne wanabaki, mmoja anamulika, mmoja anatazama magari yanayokuja. Mwezi wa sita jua linazama kama saa kumi na mbili na robo na kiza hakichelewi, nao wanalijua. Uangalie watalipokeaje. Mapokezi yao yatakuambia mengi kuhusu lile swali lako la "pale ni kwetu?" kuliko nitakayokuambia mimi.

Sasa tuje kwenye jina. Linakuuma, na sitakuambia lisikuume. Mtu kuandikwa "Fundi Baiskeli" kwenye simu ya mwenzake wa miezi sita ni jambo la kusikitisha. Lakini naomba nikuulize kwa upole: una hakika wote wanalitamka kwa maana unayoisikia wewe? Mjini hapa mchezaji anayeufanya mpira utii mguu tunamwita fundi, na jukwaa zima linasimama. Huyo daktari wenu bila shaka wanamwita "Dokta", na huenda nusu yao hawajui jina lake pia. Yeye haumii kwa sababu neno hilo amelipokea kama cheo. Wewe neno lako umelipokea likiwa na kibanda cha Tabora nyuma yake, na maneno ya marehemu baba. Huenda wapo wanaolisema kwa dharau. Mkurugenzi yule aliyecheka ulipompimia cheni, kisha akaweka picha yako bila kukuuliza, simtetei. Lakini yule dada wa pancha je? Je, umewahi kumwambia yeyote kati yao kwamba ungependa uitwe jina lako? Katika barua yote sikuona mahali ulipolisema. Umelinyamazia miaka mitatu, na mtu aliyenyamaza wenzake hujaza wenyewe.

Na baba. Hapa natembea taratibu kwa sababu sikumjua na sitaki kumsemea marehemu. "Mimi naziba ili wewe usizibe." Umelisikia kama katazo. Inawezekana lilikuwa hivyo. Inawezekana pia lilikuwa ombi la mzazi aliyechoka kuinama juani, kwamba mwanawe asilazimike, asikose njia nyingine. Kuziba kwa kukosa na kuziba kwa kuchagua ni vitu viwili. Mzee aliyetaka mwanawe asahau kazi ile kabisa angekufundisha kuziba kabla ya kusoma? Sijui. Mama yako kama yupo, au mdogo wake baba, muulize alikuwa akisema nini jioni akishafunga kibanda. Swali hilo linastahili kusafiri hadi Tabora.

Kuhusu hela yenyewe, nilimwendea fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu nikamweleza habari yako bila kutaja mahali. Mzee ana miaka thelathini kazini. Kwanza alinisomesha kidogo: pancha nyingi za tairi nyembamba chanzo chake ni uvivu wa pampu. Hewa ikiwa ndogo, tairi ikigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama ameuma nyoka. Kisha akasema neno ambalo nimeona nikuletee kama lilivyo: "Mwambie, siku akipokea hela ya mwezi, kila kitakachovunjika ni kosa lake."

Ndiyo hatari ninayoiona mbele. Leo breki ya mtu ikilegea, ni bahati mbaya na wewe ni mwokozi. Ukishapokea, breki hiyo hiyo ikilegea kwenye mteremko, ataulizwa nani aliikagua. Baiskeli 22, na wewe una siku moja tu ya mapumziko. Na yule anayekataa kununua cheni mpya hatainunua kwa sababu unalipwa, atazidi kukutegemea. Halafu kuna mambo ya michango, nawe unayajua kama mimi. Mwezi wa kwanza wanatoa wote. Mwezi wa tatu wanatoa kumi na watatu, na unayetakiwa kuwakumbusha waliobaki ni wewe, Alhamisi, mkiwa mmevaa helmeti. Mkitaka njia hiyo, basi mkubaliane kwanza nani anakusanya, hela inalipia nini na hailipii nini, vifaa vinanunuliwa na nani, na ukiugua au ukisafiri inakuwaje. Kwa masharti hayo si njia mbaya. Shilingi 220,000 zinazidi kodi yenu, na mkeo aliyeshona hadi usiku ana haki ya kuzitaja bila kuonekana mpenda pesa.

Nimewaza pia njia ya kuitenga kazi na mbio. Jumamosi asubuhi, nyumbani kwako au popote utakapopata kivuli, mwenye baiskeli anaileta, unaikagua, unabadilisha waya na cheni, analipa kwa kazi iliyofanyika. Halafu Jumanne na Alhamisi wewe ni mwendeshaji kama wao, na mwenye pancha anasaidiwa na aliye karibu. Naipenda kwa sababu inakuachia daraja lako na upepo wako. Ubaya wake ni kwamba inakula Jumamosi ya watoto, na hela haina uhakika. Wengine watapeleka baiskeli kwa mafundi wao wa zamani, na hilo utalazimika kulivumilia usoni.

Au uwafundishe. Kila mtu atembee na tyubu yake, pampu inayolingana na valvu yake, na ajue kupitisha vidole ndani ya tairi kama ulivyofanya wewe. Mwanangu mkubwa, anayefuatilia sana mbio za Ufaransa, aliwahi kunisimulia kisa cha Eugène Christophe. Mwaka 1913, Tour de France, uma wa mbele wa baiskeli yake ulikatika mlimani Tourmalet. Sheria za wakati ule zilimtaka mwendeshaji ajitengenezee mwenyewe. Akaibeba baiskeli begani zaidi ya kilomita kumi hadi kwa mhunzi wa kijiji, akaufua uma ule kwa mikono yake huku wasimamizi wanamtazama. Bado walimwadhibu, kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mifuo ya moto. Nilipokisikia nilimwonea huruma yule mtoto kuliko Christophe. Sheria ya kila mtu na lake inaweza kufika pabaya, ikawa hata mkono wa huruma ni kosa. Najua wewe hutafika huko, si moyo wako. Lakini wakijua kujitengenezea, hawatakuita tena. Jiulize ukiwa peke yako, bila kujihukumu, kama ungependa jioni yote ipite bila mtu kukuita. Huenda ni nafuu kubwa. Huenda pia sehemu ya utamu wa jioni zako ni pale wenzako wote ishirini na wawili wamesimama na wewe peke yako ndiye unayejua. Hakuna aibu katika kupenda kuhitajiwa, ila ni vizuri kuijua kabla ya kuamua.

Na kuna kuendelea bure kama sasa. Sijaifuta njia hiyo. Wahenga walisema wema usizidi uwezo, na uwezo wenyewe, mwanangu, una watu wengine watatu ndani yake pale Sinza. Ukichagua kutolipwa, mkeo ndiye anayelipa kwa kukaa mlangoni na simu. Angalau akubali naye. Nimeona umeniandikia aliyosema, sikuona uliyomjibu. Je, anajua habari ya "ili wewe usizibe"? Anajua unavyojisikia juu ya daraja? Inawezekana anadhani unakataa hela kwa kiburi, kumbe unaogopa kufukuzwa mahali pekee unapopumua. Mwambie. Ikiwezekana Alhamisi moja mchukue na watoto wakakusubiri Coco Beach, wale mihogo, wakuone ukiondoka na wenzako. Na hao wenzako nao waone una jina, na mke, na wanaokuita baba.

Grupu usilijibu kwa haraka, hata wakikuwekea makofi mengine. "Nitawaambia" ni jibu halali, na una haki ya kukaa nalo mwezi mzima.

Utakapofika mahali, niandikie, hata kama utachagua nisilolifikiria. Ila kuhusu kidole: hukusema kama kimepona, wala kama ulichomwa sindano ya pepopunda. Waya wa barabarani una uchafu mwingi, na uliendelea kushika grisi na damu juu yake. Kama hukwenda, nenda zahanati kesho kabla ya kazi.

Shangazi yako